Mkunga, marhamu na jicho moja: nisaidieni mwisho wa hadithi yangu ya watu wa vilimani

Mwanahadithi wa Tanga ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Kwa miezi mitano sasa ninaandika kwa Kiswahili mkusanyiko mdogo wa hadithi za giza, za kusomwa na watu wazima, na chimbuko lake ni imani za kale za Ireland, Uskoti na Wales kuhusu viumbe wanaokaa ndani ya vilima, ambao husemwa kwamba huiba watoto wachanga, wanawake waliotoka kujifungua na vijana hodari wa kupiga fidla. Sikutaka kuyahamishia mambo hayo Pangani wala Lamu. Nimeyaacha kwao, penye mvua isiyokatika, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa na moto wa udongo wa kinamasi uliokaushwa, kwa sababu naamini kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kufika huko bila kushikwa mkono kila hatua.

Hadithi iliyonishinda ni ya mkunga. Usiku mmoja mpanda farasi anagonga mlango wake na kumchukua kwenda kumzalisha mwanamke katika jumba la fahari. Anapewa marhamu ya kumpaka mtoto machoni, kidole chake kinagusa jicho lake mwenyewe bila kukusudia, na kuanzia hapo jicho hilo linaona yaliyofichwa. Mpaka hapo naridhika. Mwisho ndio unaonitesa, kwani nimeuandika mara sita na kila mara unaishia kwenye makucha na damu. Hiki ni kipande cha rasimu ya sasa:

"Jini yule alifunua kinywa, na meno yake yalikuwa marefu kama misumari ya jahazi. Mkunga alipiga yowe, lakini yowe hilo lilikatika pamoja na koo lake."

Nimewapa watu watatu waisome. Mmoja alisema amekwisha kuona filamu kumi za namna hiyo. Wa pili aliniuliza kwa nini mkunga hakusoma dua, na swali hilo lilinishtua, maana neno "jini" nilikuwa nimelitumia kwa kukosa jingine. Wa tatu hakufika mwisho.

Naomba msaada katika mambo mawili ambayo kwangu yamefungamana: niwaite nani viumbe hawa kwa Kiswahili, na hofu ya ngano hizi hasa inatoka wapi, maana ninapozisoma kama zilivyokusanywa kwa wazee wa huko, mwili unanisisimka hata pale ambapo hakuna tone la damu lililomwagika.

Bi Mkutubi amejibu:

Ndugu Mwanahadithi, msomaji wako wa pili amekufanyia hisani kubwa. Jini tunayemjua sisi ameumbwa kwa moto, ana jina, ana dini au hana, na yapo maneno ya kumtoa. Msomaji akishaliona neno hilo anamtafuta sheikh au mganga, na asipomwona anakulaumu wewe. "Zimwi" nalo linaleta jitu lenye kula watu katika hadithi za watoto, na "pepo" humpanda mtu kichwani, jambo ambalo si desturi ya hawa. Wao humchukua mtu mzimamzima, mwili na roho, na pengine huacha kitu kingine kitandani mahali pake.

Wenyeji wao wenyewe waliepuka kuwataja kila walipoweza. Kwa Kigaeli cha Ireland *sí* ni kilima, na *aos sí* ni watu wa vilima, kwa kuwa inasimuliwa kwamba Tuatha Dé Danann, waliokuwa wenye nchi kabla ya wana wa Míl, ambao ngano huwaita mababu wa Waairishi, walishindwa wakaachiwa sehemu iliyo chini ya ardhi. Katika mazungumzo ya kila siku waliitwa Watu Wema. Kule Wales waliitwa Tylwyth Teg, yaani Jamaa Nzuri. Sifa hizo zilitolewa kwa hofu, na mtu anayejua kwamba huenda kuna anayemsikiliza. Bibi yangu alitukataza kutaja chumvi usiku, tukafundishwa kusema "dawa ya mboga", kwa hiyo nina hakika kwamba msomaji wako ataielewa tahadhari hiyo bila kuelezwa. Ningekushauri wahusika waseme "Watu Wema", msimulizi aseme "watu wa vilimani" pale tu anapolazimika, na hofu inapozidi pabaki "wao" peke yake.

Sasa tuje kwa mkunga. Toleo ninalolijua vizuri ni la Wales, lililochapishwa na mwanazuoni John Rhys mwaka 1901, nalo linataja mahali pake: Garth Dorwen, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Mzee mmoja na mkewe walikwenda Caernarfon, kwenye gulio la kuajiri watumishi, wakampata msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu aitwaye Eilian. Jioni za mbalamwezi Eilian alitoka kusokota nyuzi mbugani, na Tylwyth Teg walikuja kuimba na kucheza karibu naye, mpaka siku moja hakurudi. Baada ya muda mke wa yule mzee, ambaye alikuwa mkunga, alifuatwa usiku na mpanda farasi, akaingizwa katika chumba cha fahari kuliko vyote alivyopata kuviona. Alipojigusa kwa yale marhamu, jicho moja liliendelea kuona fahari ile ile. La pili liliona pango, mawe makubwa pande zote, kimoto kidogo, na juu ya tita la matete na kangaga zilizonyauka amelala Eilian, kijakazi wake.

Tazama jinsi ilivyopangwa. Jicho lile lingeweza kumwonyesha dubwana lolote, nalo likamwonyesha binti aliyekula naye meza moja, amelala penye baridi. Mkunga anamaliza kazi aliyoitiwa na kurudi kwake. Je, Eilian alitaka kuondoka naye? Ngano imenyamaza kimya, na mwandishi wa hadithi ya giza anaweza kukaa ndani ya ukimya huo kwa kurasa nyingi.

Kisha siku ya soko, pale Caernarfon, mkunga anamwona mume wa Eilian katikati ya watu. Anamwendea na kumuuliza kama Eilian hajambo. Yule bwana anajibu kwa upole kwamba hajambo, halafu anauliza: "Unaniona kwa jicho lipi?" Mkunga anasema, "Kwa hili." Bwana yule anachukua tete na kulipofua papo hapo.

Ninakusihi ufute meno yote na umwache mtu huyu na adabu yake mpaka mwisho. Mkunga ameponzwa na salamu. Amefanya lile ambalo kila aliyelelewa vizuri angelifanya: amemwona mtu anayemfahamu, akamuulizia mkewe. Sisi ambao kupita bila kusalimu ni utovu wa adabu tunaweza kuisikia hofu hii kwa namna ambayo hata msomaji wa London hawezi, na hukulazimika kuihamisha hadithi popote.

Muuguzi wa Clare amejibu:

Nami nichangie, kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa tisa nikifanya kazi ya uuguzi magharibi mwa Ireland. Njia ninayopita asubuhi inaambaa na shamba la malisho, na katikati ya shamba hilo, mahali ambapo mkulima yeyote angependa kupitisha trekta kwa mstari ulionyooka, umesimama mti mmoja wa miiba. Mwezi Mei unajaa maua meupe hata majani hayaonekani. Alama za magurudumu zinakuja moja kwa moja, zinapinda kuuzunguka kwa umbali wa hatua nne hivi, kisha zinarudi kwenye mstari wake. Siku moja nilimuuliza mwenye shamba kama anaamini habari za Watu Wema, akasema haamini. Nikamuuliza kwa nini basi hajaukata mti ule. Aliutazama kwa muda, akaniambia kwamba haumsumbui.

Hayo si ya mkulima mmoja. Mwaka 1999 msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipaza sauti hadharani kuutetea mti wa namna hiyo pale Latoon, katika kaunti hii ya Clare, ambako barabara kuu mpya ilikuwa ipite juu yake; barabara ilijengwa na mti ukaachwa umesimama. Vivyo hivyo maboma ya mviringo ya udongo, ambayo yalikuwa makazi ya wakulima zaidi ya miaka 1000 iliyopita, yamebaki kwa maelfu mashambani, na sababu mojawapo ni kwamba watu waliogopa kuyagusa, wakiamini kwamba ni makazi ya Watu Wema. Ndugu Mwanahadithi, mandhari yako ina mahali ambapo jembe halifiki. Mwonyeshe msomaji alama za magurudumu kabla hujamwonyesha kiumbe yeyote.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine, nami nalisema kwa uzito. Umetaja wanawake wanaochukuliwa, na Bi Mkutubi ametaja kitu kinachoachwa kitandani mahali pao. Mwezi Machi 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary, mshonaji nguo mwenye umri wa miaka 26, aliugua. Mumewe Michael, fundi wa mapipa, alishika kwamba aliyelala kitandani si mkewe, na kwamba mke wa kweli amechukuliwa. Mgonjwa alilazimishwa kunywa mitishamba iliyochemshwa katika maziwa, akaulizwa tena na tena kwa jina la Mungu, mbele ya jamaa na majirani, kama yeye ndiye Bridget mke wa Michael Cleary. Alijibu kwamba ndiye. Jibu halikutosha, na akachomwa moto ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya hapo mume alikwenda usiku kwenye boma la kale la Kylenagranagh kumngoja mkewe atokee amepanda farasi mweupe. Mwili ulipatikana tarehe 22 Machi, umefukiwa katika shimo fupi, na mume alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kuua bila kukusudia.

Kazini kwangu nimewasikia watoto wa wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu wakisema, "Huyu si mama yangu." Wanayasema kwa mapenzi, wamesimama ukumbini na koti mkononi, wamechoka. Kila ninapoyasikia namkumbuka Bridget. Ukifika kwenye hadithi ya mtu aliyebadilishwa, ninakuomba usimfanye aliyelala kitandani kuwa kitu cha kutisha. Iandike kutoka pale alipolaza kichwa: anawaona watu aliowapikia wakimzunguka, anaulizwa jina lake, analitaja, na wao wanatazamana.

Mzee wa Unguja amejibu:

Wanangu wamesema mengi mazuri, nami nina machache. Mwanahadithi hakutuonyesha mwanzo wake, lakini nahisi umeanza na "Hapo zamani za kale". Kama ndivyo, uondoe. Tukisema Paukwa na wasikilizaji wakaitikia Pakawa, tumekwisha kupatana kwamba yanayofuata ni ya kubuni, na mapatano hayo yanamlinda msikilizaji. Wazee wa Ireland walisimulia habari za Watu Wema kama ushahidi: ilimtokea fulani, mtoto wa fulani, kwenye shamba lile unaloliona kutoka hapa, usiku wa kuamkia siku ya Watakatifu Wote. Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi wa nchi hiyo waliandika katika madaftari yao waliyoambiwa na wazazi na babu zao, na leo madaftari hayo yanasomeka bure kwenye tovuti ya Dúchas. Yasome kabla ya kitabu kingine chochote. Hutakuta maelezo marefu ya sura za viumbe. Utakuta nyumba: ni jambo gani lisifanywe baada ya giza kuingia, ni siku gani moto usitolewe nje, ng'ombe wa nani alikauka maziwa.

Kuna sharti moja ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Maji yaliyooshea miguu hayakupaswa kulala ndani ya nyumba; yalimwagwa nje kabla ya watu kulala, kwa sababu wale walio nje wangeweza kuyaita, nayo yangewafungulia mlango. Na anayemwaga maji gizani alitakiwa kutoa sauti kwanza, ili anayepita apishe. Sharti kama hilo lipe sentensi moja tu, limwachie msomaji, wala usimweleze sababu zote. Ukurasa wa tano mama amechoka, mtoto analia, beseni limebaki chini ya kiti. Msomaji atalitazama beseni hilo mpaka hadithi iishe.

Tena, Bi Mkutubi ametaja tete mara mbili bila kusema kitu: Eilian alilalia matete, na mkunga alipofuliwa kwa tete.

Mwanahadithi wa Tanga amejibu:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru sana Bi Mkutubi na dada Muuguzi. Ni kweli nilikuwa nimeanza na "Hapo zamani za kale", na nimeyaondoa maneno hayo jana usiku. Hadithi sasa inaanza na mkunga akiwa amesimama mlangoni na beseni, akisema "Pisheni!" kwenye kiza ambacho yeye anaamini kwamba hakina mtu. Neno "jini" limetoweka lote, na nimegundua kwamba nikiondoa jina, nalazimika kumtazama mtu mwenyewe: nguo yake, namna anavyovua kofia, namna anavyongoja aitikiwe.

Hadithi ya mwanamke aliyebadilishwa nimeiweka kando kwa sasa. Nilikuwa nimeiandika kwa macho ya mume, na baada ya kusoma habari za Bridget Cleary naona nilikuwa nimemsaidia mume huyo kuuliza maswali yake. Nitaianza upya kutoka kitandani, hata kama itanichukua mwaka.

Mwisho wa mkunga nimeuandika mara ya saba. Msichana nimempa jina la Nest, jina la Kiwelisi.

"Alimwona kando ya meza ya siagi, akipita katikati ya watu na hakuna aliyempisha. Mkunga alifurahi, kama mtu anavyofurahi kumwona wa kwao mbali na kwao. 'Habari za siku nyingi, bwana,' alisema. 'Nest hajambo? Na mtoto anaendeleaje?'

'Hawajambo wote, tunashukuru,' alijibu, kwa sauti ya mtu aliyefarijika kuulizwa. Alikuwa na tete moja mkononi, bado kijani, la namna ile ile ya matete aliyolalia Nest. 'Nawe mama, ulitutendea wema usiku ule, na hatujakusahau. Hebu niambie, unaniona kwa jicho lipi?'

Mkunga alicheka kidogo, kwa kuwa hakupata kuulizwa swali kama hilo. Aliinua kidole, akajigusa chini ya jicho la kulia. 'Kwa hili,' alisema.

Tete lile lilikuwa jepesi, na hakusikia maumivu mpaka alipoona kwamba soko limebaki nusu."

Bi Mkutubi amejibu:

Nimesoma kwa sauti, peke yangu, na niliposoma "tunashukuru" nilisimama kidogo. Hapo umempata. Nina pendekezo moja tu: kata sentensi ya mwisho. Umekwisha kutuonyesha tete mkononi, na Mzee amekusaidia kulitoa kitandani kwa Nest, kwa hiyo hadithi iishie kwenye "Kwa hili", kidole chake kikiwa bado kipo chini ya jicho.

Mwanahadithi wa Tanga amejibu:

Nimeikata.